Drama bila watazamaji: vile tunacheza Kiswahili darasani

Shule za Uganda zinapenda drama, hilo halina ubishi. Fika shule yoyote wakati wa mashindano ya MDD, yaani muziki, ngoma na drama, utasikia ngoma kabla hujafika getini, watoto wamejipaka majivu kichwani wawe wazee, mwalimu amesimama mbele sauti imekauka, na hedimasta mwenyewe ameacha ofisi amekuja kuangalia. Tumekulia humo sisi wote. Kuna watu wa rika langu ambao habari za ukimwi walizisikia kwanza kwa kikundi cha drama kilichokuja uwanjani kabla hawajazisikia kwa daktari, na huko nyuma zaidi, mwaka 1965, wanafunzi wa Makerere walianza kutoka chuoni na kuzunguka nchi wakiigiza kwa lugha kadhaa bila kutoza kiingilio. Hii kitu iko kwenye damu yetu.

Lakini angalia nani anaigiza. Shule ina watoto mia tisa, wanachaguliwa kama thelathini, karibu kila mwaka wale wale, wenye sauti kubwa na Kiingereza kilichonyooka, na wengine wote kazi yao ni kukaa kwenye nyasi wapige makofi. Na yule ambaye angefaidika zaidi kwa kusimama aseme kitu, yule wa dawati la nyuma karibu na dirisha ambaye hujasikia sauti yake tangu muhula uanze, huyo ndo hachaguliwi kabisa. Sipingi mashindano, nayapenda sana. Ila nimekuja kuamini kwamba drama inayofundisha ni ile isiyo na watazamaji, darasa lote liko ndani kwa wakati mmoja, hakuna mtu amekaa pembeni kuhukumu. Hiyo ndo nataka kuongelea leo, tena kirefu, maana walimu wenzangu wananiuliza kila mara hizo kelele za darasani kwako ni za nini.

Nafundisha Kiswahili S.1 na S.2, yaani mwaka wa kwanza na wa pili wa sekondari, kwenye shule moja ya serikali huku Mukono, Buganda. Kwetu ni Busia, mpakani, ambako Kiswahili unakipata sokoni na kwa steji ya boda kabla hujakipata shuleni, mama anauza mitumba kwa Msamia, kwa Mteso na kwa Mkenya asubuhi moja na Kiswahili ndo kinamalizia biashara. Nilipokuja huku nikakuta mambo mengine kabisa. Mtoto wa Mukono ananunua rolex, ile chapati ya mayai, kwa Luganda, anapanda teksi kwa Luganda, anasali kwa Luganda, mtihani anaandika kwa Kiingereza. Sasa Kiswahili akiseme wapi, na kwa nani?

Kwa karatasi tumefika mbali. Katiba ilirekebishwa 2005 ikakitaja Kiswahili kama lugha rasmi ya pili, mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza 2020 NCDC, kituo cha taifa cha kukuza mitaala, wakakifanya somo la lazima S.1 na S.2, na 2022 baraza la mawaziri likapitisha kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe shule za msingi na sekondari. Halafu kumbuka mtaala wenyewe ulianza Februari, Machi shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguka kikamilifu mpaka Januari 2022. Kwa hiyo walimu wengi tumejifunza huu mtaala tukiwa tayari tunakimbia. Kwa mdomo bado hatujafika. Unaingia darasani unauliza "habari zenu?" watoto tisini wanajibu "nzuri Mwalimu" kwa sauti moja iliyopangwa, alafu ukimuuliza mmoja jana ulikula nini, anaangalia meza.

Na huo ukimya una sababu. Wengi wao shule ya msingi walikuwa wanaadhibiwa wakiongea lugha ya nyumbani, wanavalishwa kibao shingoni, kibao kinahama kutoka kwa mkosaji mmoja hadi mwingine. Mtoto aliyefundishwa miaka saba kwamba kufungua mdomo kwa lugha isiyotakiwa ni kosa, huwezi kumwambia tu "ongea, usiogope" aache kuogopa. Hofu yake ni ya kusikika peke yake. Ndo maana nasema kikundi, kikundi, kikundi.

Mchezo ninaoanzia nao S.1 tunauita mashine. Mmoja anasimama anafanya kitendo kimoja anakirudia rudia na mlio wake, wa pili anakuja anaunganisha kitendo chake na cha kwanza, wa tatu, mpaka kikundi cha watu kumi kinakuwa mashine moja inayotembea. Hapo hakuna neno bado, ni mwili na mlio tu, na hata yule wa dirishani anaweza kufanya "tsss" na mkono wake bila hofu yoyote. Alafu nauliza, hiki ni kiwanda cha nini? Huku kwetu jibu linakuja lenyewe, kiwanda cha sukari, maana Lugazi iko hapo mbele tu na kila mtoto amewahi kuona trekta limejaza miwa barabarani. Basi tunaanza kuweka maneno. Mimi ninakata miwa. Mimi ninabeba. Mimi ninakamua. Mimi ninachemsha. Mimi ninapakia magunia. Kila mtu ana sentensi moja, ya kwake, na anaisema zaidi ya mara ishirini bila kuhisi ni mazoezi, maana mashine ikienda kasi sentensi inaenda kasi, mashine ikichoka sentensi inachoka.

Baadaye naingia mimi. Siingii kama mwalimu, naingia kama mkaguzi kutoka Kampala, natembea kati ya mashine na daftari kwapani naulizia kwa upole: samahani ndugu, wewe unakamua? Na yeye hakamui, anachemsha, kwa hiyo lazima anikatalie: "Hapana mzee, sikamui, ninachemsha." Sikamui, sichemshi, sipakii! Mwalimu yeyote wa Kiswahili anajua ukanushi wa wakati uliopo ndo kaburi la wanafunzi wa S.1, wanaandika "si ninakamua" mpaka mwisho wa mwaka, na hapa wanausema kwa sababu kuna mtu mzima anawadhania kazi isiyo yao na wanataka kumsahihisha. Nikimuuliza mwenzake "na huyu anafanya nini?" tumeshahamia kwa "yeye anapakia", "hawa wanabeba". Mashine ikiharibika, nani aliiharibu? Tumefika wakati uliopita na sijaandika kitu ubaoni.

Huu ujanja wa mwalimu kuingia ndani ya mchezo akiwa mtu mwingine si wangu. Dorothy Heathcote ndo aliusambaza Uingereza, mwanamke aliyeanza kazi kiwanda cha nguo akiwa bado msichana mdogo na baadaye akafundisha walimu miaka mingi kule Newcastle. Alichokiona ni kwamba mwalimu akibaki mwalimu, watoto wanabaki wanafunzi wanaosubiri jibu sahihi, lakini mwalimu akiwa mgeni anayehitaji msaada wao, wao ndo wanakuwa wenye kujua. Nimeona jambo hilo kwa macho yangu kwenye darasa la watoto tisini na lina ukweli mkubwa.

Sasa swali ninaloulizwa kuliko yote: je, mwishoni wanakuja mbele kuonyesha? Hapana. Hawaji mbele. Na hapa sibadiliki.

Kwanza hesabu tu. Vikundi tisa, kila kimoja dakika tano, hizo ni dakika arobaini na tano na kipindi kina arobaini. Lakini hata ningekuwa na kipindi mara mbili nisingefanya, kwa sababu siku unaposema "mtakuja kuonyesha wenzenu" mchezo unakufa pale pale. Yule mwenye sauti anachukua uongozi, anaandika maneno ya kila mtu kwa Kiingereza, wanayageuza kuwa Kiswahili kwa kamusi, wanakariri, na wa dirishani anapewa kazi ya kuwa mti. Tumerudi kwa MDD. Mimi nauacha mchezo ukiwa bado moto, nainua mkono, kila anayeniona anainua wake na kunyamaza, mpaka darasa lote limenyamaza (hii inahitaji wiki kadhaa izoeleke, vumilia), alafu tunakaa tunaongea kilichotokea. Nani alikataa kazi? Nani alimsaidia mwenzake neno? Mkaguzi alidanganywa wapi? Baada ya hapo kila mmoja anaandika sentensi chache za alichosema yeye mwenyewe. Mazungumzo haya ya mwisho usiyaruke, hata kengele ikikaribia, maana hapo ndo lugha iliyotoka mdomoni inageuka kuwa kitu mtoto anajua kwamba anajua.

Michezo ya namna hii yenyewe ilizaliwa mahali pa lugha nyingi. Viola Spolin, ambaye kitabu chake cha 1963 walimu wa maigizo wanakitegemea mpaka leo, alifundwa na Neva Boyd kule Hull House, Chicago, nyumba ya jamii iliyokuwa inahudumia familia za wahamiaji, watoto wa mtaa mmoja wenye lugha za mama tofauti. Spolin hakuwaambia watoto wakariri. Aliwapa tatizo la kutatua kwa pamoja ndani ya mchezo, na yeye akawa anawapigia maneno kutoka pembeni bila kuusimamisha. Nikisoma hayo naona darasa langu. Muganda, Msoga, Munyankole, Mtoro, na yule wa kutoka Arua ambaye Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wote na hakuna mtu alikuwa anajua.

Kuhusu kelele na nafasi, nitasema haraka. Madawati yanasogezwa ukutani kabla kipindi hakijaanza, wanafunzi wenyewe wanafanya. Jua likiwa zuri nusu wanatoka chini ya mwembe. DOS wetu, yaani msimamizi wa masomo, alikuja siku moja kuuliza kulikoni, nikamkaribisha awe meneja wa kiwanda, akauliza maswali mawili kwa Kiswahili chake cha zamani akajibiwa vizuri, na tangu hapo kipindi changu amekiweka saa za mwisho ambapo madarasa ya jirani yako kwenye michezo. Ongea na uongozi mapema, waite waingie ndani.

Kuna jambo lingine la Buganda ambalo mtu wa pwani au wa Nairobi anaweza asilione mara moja. Ukiwaambia watoto wa huku "igizeni chochote kwa Kiswahili", watakuigizia askari. Kila mara. Roadibloku, bunduki ya fimbo, "Simama! Kaa chini! Toa kitambulisho! Panda gari!" Hawakuyaona hayo, wamezaliwa juzi, lakini yapo nyumbani. Bibi zao, jajja zao, waliishi miaka ya sabini na themanini, wakati Kiswahili huku kilikuwa sauti ya mtu mwenye bunduki usiku, na "panda gari" ilikuwa jina la operesheni ya kukusanya watu kwenye malori na wengine hawakurudi. Amin mwenyewe alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa 1973, na kwa familia nyingi hapa hiyo haikukisaidia Kiswahili hata kidogo. Kuna mzazi alikuja shuleni kuniuliza kwa heshima kabisa kwa nini mtoto wake afundishwe lugha ya wanajeshi. Sikubishana naye. Machungu yake ni ya kweli na mimi mtoto wa Busia siwezi kuja kumfundisha historia ya nyumba yake.

Nilichofanya ni kubuni mchezo ambao amri haziruhusiwi. Watu watatu watatu. Mmoja ana kitu, mwingine anakihitaji, wa tatu ni ndugu au rafiki anayeweza kusaidia upande wowote. Hakuna kuamuru, hakuna kunyang'anya, na mwenye kitu akubali tu pale anapoguswa kweli. Utingo wa teksi na abiria aliyepungukiwa: "Kaka, samahani sana, nimepungukiwa mia tano, naomba unishushe Seeta nitatembea." Mtoto anayeomba ruhusa kwa baba aende mazishi ya rafiki. Mama anayemwomba mwenye duka amkopeshe unga mpaka Ijumaa. Ghafla wanahitaji tafadhali, naomba, nisaidie, nakuahidi, ingekuwa vizuri kama, nisamehe. Wanahitaji kusema mama, kaka, mzee, mwanangu, na kuchagua lipi linafaa kwa nani. Hiki ni Kiswahili ambacho hakipo kwenye kumbukumbu za jajja, na watoto wanakipeleka nyumbani. Msichana mmoja aliniambia alimwomba bibi yake chumvi kwa Kiswahili jikoni, yaani kwa kucheza tu, na bibi akacheka akamjibu kwa Kiswahili, kumbe anakijua chote.

Sasa nifike kwenye ile ninayoipenda kuliko zote, ya S.2, kesi ya Nambi.

Hakuna mtoto wa Buganda asiyejua hadithi ya Kintu na Nambi. Nambi binti Ggulu anampenda Kintu, Kintu anapewa majaribu na baba mkwe anayashinda, wanaruhusiwa kuoana na kushuka duniani, lakini Ggulu anawaonya: ondokeni mapema, msirudi nyuma hata mkisahau nini, maana Walumbe ndugu yake Nambi akijua atataka kuwafuata, na Walumbe ndo kifo. Njiani wanakumbuka wamesahau ulezi, ile nafaka ya kulisha kuku. Mmoja anarudi kuuchukua. Walumbe anamwona, anamfuata, anataka baadaye apewe mtoto mmoja wa kumsaidia kupika, Kintu anakataa, watoto wanaanza kufa. Ggulu anamtuma Kayikuzi, ndugu mwingine wa Nambi, amkamate Walumbe amrudishe, anamkimbiza mpaka Ttanda, Walumbe anazama ardhini na mpaka leo yuko huko.

Nikawaambia, leo wazee wa ukoo wanakaa kikao. Kwa nini kifo kiko duniani, na nani alaumiwe? Vikundi vya watu kumi, vyote kwa pamoja, kila kikundi kina Nambi wake, Kintu wake, Walumbe, Ggulu, Kayikuzi, kuku mmoja, na wazee wanne wa kuuliza. Kanuni moja: mzee akiuliza, lazima ujibu kwa kujitetea, huruhusiwi kusema "sijui".

Kabla hata hatujaanza mkono ukainuka. "Mwalimu, jajja wangu anasema aliyerudi ni Kintu." Darasa likalipuka! Wengi walikuwa wanajua ni Nambi, ndivyo walivyosoma shule ya msingi. Lakini huyo bibi yuko sawa kabisa, zipo simulizi za zamani zilizoandikwa ambapo Nambi ndo anamsihi mume wake asirudi na Kintu anakaidi. Nikasema kila kikundi kiamue kinafuata simulizi ipi, na vikundi vinne vikachagua Kintu, vingine Nambi, na hiyo peke yake ilikula dakika nyingi za mabishano mazuri ambayo sikuyapanga, tena kwa Kiswahili kwa sehemu kubwa, kwa sababu walikuwa wanataka na mimi niwaunge mkono.

Kiswahili kilichotoka kwenye hivyo vikao sijawahi kukipata kwa zoezi la kitabu. Nambi mmoja alisimama akasema, "Wazee wangu, nisingerudi kuku wangekufa njaa, na nyinyi wenyewe mngenilaumu." Kintu wa kikundi kingine anamgeukia Walumbe: "Shemeji, nani alikualika?" Na Walumbe bila kusita: "Niliomba mtoto mmoja tu anipikie, ukanikatalia. Ungenipa huyo mmoja wengine wangeishi." Hiyo -nge- ambayo S.2 wanaisomea muhula mzima, mnaiona? Inakuja yenyewe kwa sababu kesi yoyote ya lawama ni kesi ya mambo ambayo yangekuwa tofauti. Kikundi cha karibu na mlango, kuku alikuwa ni msichana mmoja mkimya sana, mzee akamuuliza kwa ukali, na wewe kuku una nini cha kusema, akajibu polepole, "Mimi ni kuku tu wazee. Sikumwomba mtu arudi." Wazee wakakosa la kuuliza. Mtoto ambaye tangu Februari alikuwa anajibu kwa kutikisa kichwa amefunga hoja ya upande wa mashtaka.

Tulipokaa kuongea baada ya hapo, wasichana wakauliza kwa nini simulizi inayojulikana zaidi ndo ile inayomlaumu mwanamke. Mvulana mmoja akasema kwa sababu waliosimulia walikuwa wanaume, mwingine akapinga, akasema waliomsimulia yeye wote walikuwa akina mama. Sikutoa hukumu. Nilifurahi tu kwamba hilo swali limeulizwa, kwa Kiswahili, na watoto wa miaka kumi na nne.

Ninaamini hadithi lazima iwe ya kwao kwa sababu kazi ya lugha ni nzito tayari. Ukimpa mtoto hadithi ngeni na lugha ngeni kwa pamoja unamzamisha. Hadithi anayoijua usingizini inamwacha huru ahangaike na maneno peke yake. Mwenzangu wa Acholi au Teso atakuwa na zake, za ukoo, za sungura na chui, achukue hizo, aache Nambi.

Kuna aina nyingine ya mchezo ambayo natumia kwa uangalifu zaidi, wa kusimamisha na kubadilisha. Augusto Boal wa Brazil, aliyekamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi 1971 akaenda uhamishoni, aliupata akiwa Peru kwenye kampeni ya kufundisha watu kusoma mwaka 1973, nchi yenye lugha nyingi kama yetu. Igizo fupi linaonyesha mtu anaonewa, linaishia vibaya, alafu linarudiwa, na yeyote anaweza kusema "Simama!" akaingia mahali pa yule anayeonewa ajaribu njia nyingine. Boal alikuwa amechoka na watazamaji wanaokaa kimya, ndo maana nampenda. Mimi nafanya kwa vikundi vidogo, si mbele ya darasa zima. Tumefanya ile ya boda anayempa msichana wa shule lifti ya bure kila siku, ambayo kila mtu hapa anajua mwisho wake, hasa baada ya ile miaka ya shule kufungwa ambapo wasichana wengi hawakurudi. Wavulana wa kwanza kuingia walitaka kumpiga yule boda. Ikashindikana, boda ana marafiki pale steji. Akaingia mwingine akasema, "Asante kaka, lakini mama ananisubiri hapo mbele na tunatembea pamoja." Wakajaribu na hiyo, boda akajibu hivi, wakajaribu nyingine, wawili wanatembea pamoja, mmoja anamwita mwenzake kwa sauti. Maneno ya kukataa bila kumtukana mtu ni elimu kubwa.

Lakini hapa nawaomba walimu muwe makini. Majina ya wahusika yasiwe ya mtu yeyote wa darasani wala wa kijijini. Mtu asiombwe kuigiza jambo lililompata yeye, kamwe. Anayetaka kutoka atoke bila kuulizwa. Na mwambie mapema mwalimu mlezi wa wasichana kwamba leo mnagusa mada hii, awe karibu, kwa sababu kuna mtoto atakayekuja baada ya kipindi, na anatakiwa akute mtu mzima anayejua la kufanya. Kama huna huyo mtu, cheza kesi ya Nambi na mashine ya sukari, zinatosha.

Alafu mtihani, maana najua mnaniuliza kimoyomoyo. Kundi la kwanza la mtaala mpya lilifanya UCE, mtihani wa taifa wa S.4, mwaka 2024, asilimia 20 ya alama inatoka kwa tathmini ya shuleni na 80 kwa karatasi ya UNEB, baraza la mitihani. Zile AOI, kazi za vitendo za mwisho wa sura, zenyewe zinaomba mtoto atumie alichojifunza kwenye hali ya maisha, na mimi najaza tathmini yangu kutoka kwenye daftari ninalotembea nalo kati ya vikundi: nani amekanusha sawa, nani ametumia -nge- bila kusaidiwa, nani amemuelewa mwenzake na kumjibu. Siandiki nani anaigiza vizuri. Hiyo sihitaji kuijua, somo la sanaa za maonyesho lina mwalimu wake.

Nina rafiki anayefundisha kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyaka II, Kyegegwa, ambako watoto wengi wametoka Kongo na Kiswahili chao kinatiririka, wanachokosa ni Kiingereza cha kufanyia masomo mengine. Yeye amechukua michezo hii hii akaigeuza, mashine inaongea Kiingereza, na wakati wa kukaa kuongea wanarudi kwa Kiswahili ili kila mtu aseme anachotaka kweli. Tumekubaliana muhula ujao watoto wake warekodi sauti kwa simu, wawe mashahidi waliosafiri kutoka mbali kuja kwenye kesi ya Nambi, na Kiswahili chao cha Kongo kama kilivyo, bila kukisahihisha, na vikundi vyangu vitalazimika kuwasikiliza mpaka waelewe kabla ya kuwauliza maswali na kuyatuma. Natafuta sasa spika ndogo ya kutosha watoto kumi kumi.